UZI: "Dabi" ni uadui, ni farasi au ni ujirani? Nisaidieni, nimebishana kwa kinyozi nikaishiwa na maneno

#1 MtotoWaKaloleni
Wadau, salamu. Jana jioni nilikuwa kwa kinyozi hapa Kaloleni, hatua chache kutoka uwanja wa City. Kijana anayenyoa akasema Gor Mahia wakicheza na Ulinzi, timu ya wanajeshi, nayo ni dabi, maana ni mechi kubwa. Mzee mmoja aliyekuwa kitini, povu bado kidevuni, akageuka na kumkazia macho: "Dabi ni Gor na Ingwe, basi. Dabi kwa Kizungu ni uadui. Gor na wanajeshi wana uadui gani?" (Ingwe ndio AFC Leopards.)

Mimi nikasema neno hilo ni la mbio za farasi. Walicheka hadi kinyozi akazima mashine. Najua sikusema uongo, lakini sikuwa na maelezo ya kutosha ya kuwanyamazisha.

Msimamo wangu ni huu: ndani ya neno dabi hamna uadui hata chembe. Sisi wenyewe ndio tuliouingiza. Anayepinga alete hoja. Na la pili, ni sawa kuita kila mechi kubwa dabi?

#2 Ingwe_Damu
Dabi ni ile Jumapili ambayo jirani yangu wa Kogalo, yaani Gor, anapita mlangoni kwangu akiangalia simu. Maana nyingine sijawahi kuhitaji.

#3 KogaloUmoja2
@Ingwe_Damu jirani anakuonea huruma. Ligi mliichukua mara ya mwisho 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa analipa kodi ya nyumba.

#4 Ingwe_Damu
@KogaloUmoja2 na ninyi kutoka 1995 hadi 2013 mlikuwa mnafanya nini? Miaka 18 hiyo. Mtoto wenu alipata kitambulisho kabla hajaona kombe.

#5 SaisiWaNgong
#1 usirudi nyuma, una haki. Nimefanya kazi ya usaisi, kutunza farasi, kwenye uwanja wa farasi wa Ngong Road miaka 11. Pale kuna mbio zinaitwa Kenya Derby, na hakuna timu mbili, hakuna jirani, hakuna shemeji. Wanaoshiriki ni farasi wa miaka mitatu peke yao. Kwa hiyo farasi anapata dabi moja tu maishani mwake, mwaka ukigeuka umri umeshampita. Ndiyo sababu wiki hiyo hakuna anayelala vizuri kule mabandani. Alfajiri unachokoa kwato moja moja kwa kile kichuma, unatoa kila kijiwe, unapapasa mguu kwa kiganja kusikia kama kuna joto. Ukisikia joto unamwita mkufunzi mara moja, hata kama ni saa kumi usiku. Baadaye joki, yule anayempanda farasi, anapanda mizani amekumbatia tandiko lake, na uzito usipofika wanaongeza vipande vya madini ya risasi chini ya tandiko.

Kenya Derby imeiga mbio za Epsom, karibu na London. Zile zilianza 1780 na zikapewa jina la Lodi Derby, lodi wa 12 wa ukoo huo. Dabi ni jina la mtu. Mengine yote yamekuja baadaye.

#6 BwanaKamusi
Saisi amesema kweli. Naongeza kidogo. Mbio za kwanza zilikuwa tarehe 4 Mei 1780, na farasi aliyeshinda, Diomed, hakuwa wa Lodi Derby, alikuwa wa rafiki yake Sir Charles Bunbury. Husimuliwa kwamba hao wawili walirusha sarafu kuamua mbio ziitwe kwa jina la nani, Derby akapata. Sarafu ingeanguka upande wa pili, leo Gor na Ingwe wakikutana tungekuwa tunauziwa tiketi za Bunbari ya Mashemeji, si Dabi ya Mashemeji.

Tena mwanzoni zilikuwa za maili moja tu. Maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4, ilianza 1784.

#7 DadaWaJericho
Bunbari ya Mashemeji! Nimecheka peke yangu ndani ya matatu, kondakta ananiangalia.

Lakini swali: farasi ni wengi, 10, 15. Mpira ni timu mbili. Neno liliruka vipi kutoka huko hadi huku?

#8 MwalimuPangani
Halikuruka, dada. Kuna maelezo mengine ambayo mimi nayaona bora. Derby ni mji katikati ya Uingereza, wenye jina lilelile la lodi. Katika mji huo parokia mbili, All Saints na St Peter's, zilikuwa zikicheza mpira kila mwaka siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu. Si watu 11 kwa 11. Ni wanaume wa parokia nzima dhidi ya wanaume wa parokia ya pili, barabarani, mashambani, hata mtoni. Maduka yalifungwa, madirisha yalizibwa kwa mbao. Mchezo huo ulikomeshwa 1846.

Majirani wawili, mji mmoja, mpira mmoja. Hiyo si dabi? Farasi wa nini tena?

#9 KogaloUmoja2
Mwalimu, hiyo ya kuziba madirisha naijua. Sisi tukitoka uwanja wa Nyayo tumeshinda, wenye maduka huteremsha vyuma wenyewe.

#10 Msafiri_Langata
@MwalimuPangani nyongeza. Wa Derby mjini ulikufa lakini jirani yake bado uko hai. Katika mji mdogo wa Ashbourne, jimbo hilohilo, huchezwa siku mbili kila mwaka, Jumanne hiyo na Jumatano ya Majivu yenyewe. Anayezaliwa kaskazini ya kijito cha Henmore ni wa upande mmoja, wa kusini ni wa upande wa pili. Magoli yako mbali kama maili tatu, na kufunga ni kugonga mpira mara tatu kwenye jiwe la kinu. Binamu yangu anayeishi karibu na huko alinitumia video. Huoni mpira kabisa. Unaona mvuke ukitoka katikati ya watu mia kadhaa walioshikana ndani ya maji baridi.

#11 BwanaKamusi
Mwalimu, naheshimu hoja yako, ila kuna pengo. Ule mchezo wa Derby ulikomeshwa 1846. Mfano ambao kamusi kubwa ya Oxford inautoa wa dabi ya majirani kwenye mpira ni wa gazeti la 1914, Liverpool na Everton. Kati ya hapo ni karibu miaka 70. Nani alilihifadhi neno?

Farasi ndio waliolihifadhi. Katika karne ya 19 siku ya mbio za Epsom ilikuwa kubwa mno Uingereza, hata Bunge lilikuwa linaahirisha vikao wabunge waende kutazama. Watu wakaanza kuita shindano lolote lenye umati dabi. Mbio za punda zikawa dabi ya punda. Timu mbili za mji mmoja zikikutana wakasema dabi ya nyumbani. Sasa tazameni kilichotokea: kwa matumizi mengi "ya nyumbani" ikadondoka, lakini maana yake ikabaki imejificha ndani ya dabi. Ndiyo sababu leo tunasikia ujirani kwenye neno ambalo lenyewe lilikuwa ni la umati tu.

Kwa hiyo yule kijana wa kinyozi, anayesema kila mechi kubwa ni dabi, bila kujua ameishika maana ya zamani.

#12 MtotoWaKaloleni
@BwanaKamusi hapo umenigusa. Nilikuwa tayari kumcheka huyo kijana Jumamosi nikirudi.

#13 MwalimuPangani
Bwana Kamusi, maandishi si uhai wote wa neno. Watu wa mashambani hawakuwa wakiandikwa magazetini. Neno linaweza kuishi mdomoni miaka 70 bila kugusa karatasi. Sheng yetu iliandikwa wapi ilipoanza Eastlands?

#14 BwanaKamusi
Ni kweli, lakini basi na mimi naweza kudai lolote liliishi mdomoni. Tukikosa ushahidi tunabaki na hadithi tamu.

#15 KopBuruburu
Mnasahau Liverpool, na mfano wa 1914 wenyewe ni wao. Kati ya Anfield, uwanja wa Liverpool, na Goodison, uliokuwa wa Everton, kuna bustani inaitwa Stanley Park. Stanley ndio ukoo wa malodi wa Derby, na makao yao Knowsley yako nje kidogo ya jiji hilo. Kwa hiyo kuna wanaosema dabi ni mechi ya timu mbili zilizotenganishwa na bustani ya akina Derby. Hamhitaji farasi wala parokia.

Na hao hawakuanza kama maadui. Anfield ilikuwa ya Everton. 1892 waligombana na mwenye uwanja kuhusu kodi, wakahama, mwenye uwanja akaunda timu mpya ya kujaza nyasi zake. Hiyo ndiyo Liverpool. Ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, wanaNairobi tunaujua.

#16 Tofi_Kasarani
@KopBuruburu kati ya Anfield na Goodison ni habari ya zamani. Everton walihamia uwanja mpya gatini 2025. Sasa bustani haimtenganishi mtu na mtu, lakini dabi bado inaitwa dabi. Hoja yako ya bustani imelegea.

#17 KopBuruburu
Haijalegea. Jina likishakaa halihitaji tena kilicholizaa. Kariokor, mtaa ulioitwa kwa jeshi la wapagazi, bado kuna mpagazi?

#18 MjaluoWaDar
Mmenitajia Kariokor, nimeingia. Nimekulia Nairobi, sasa niko Dar mwaka wa sita. Kariakoo ya huku na Kariokor ya huko ni neno moja, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Waafrika waliobeba mizigo ya Waingereza mpaka wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara. Ukisema Dabi ya Kariakoo umeweka lodi wa Uingereza na mpagazi wa Kiafrika kwenye jina moja. Mimi hilo hunisimamisha kila ninapolisikia redioni.

Kuhusu uadui: huku hawasemi maadui. Wanasema watani wa jadi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na Simba ilizaliwa na watu waliojitenga na Yanga. Ikaitwa Sunderland miaka mingi, jina Simba likaja 1971. Klabu moja iko Jangwani, nyingine Msimbazi, unaweza kutembea kutoka lango hili hadi lile bila kutoa jasho. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba mtani ndiye anayeweza kuleta vichekesho mbele ya wafiwa, akazuia hata shughuli mpaka apewe chochote. Adui hana ruhusa hiyo. Adui msibani hakaribishwi.

#19 Ingwe_Damu
Kwa hiyo @KogaloUmoja2 ni mtani wangu na sina ruhusa ya kukasirika?

#20 KogaloUmoja2
Huna. Na ukifiwa nitakuja na ngoma za isukuti.

#21 BintiLamu
Hamjambo nyote. Nyinyi mwaenda mpaka Uingereza kwa punda na Lamu i hapa? Sisi twafanya mbio za punda wakati wa Maulidi, na mtu akishinda mtaa mzima hauketi. Na mji wenyewe umegawika tangu zamani, Mkomani na Langoni. Bibi yangu wa Langoni alikuwa akimsema mtu wa Mkomani kwa mashairi, si kwa matusi, na alijibiwa kwa mashairi. Alikuwa na daftari la jalada jekundu, kurasa zimelainika kama kitambaa, ubeti wake upande wa kushoto, jawabu la yule mpinzani wake upande wa kulia. Yule mpinzani alipokufa bibi alikaa siku tatu hasemi. Baadaye akasema, "Sasa nitamwandikia nani?"

Kwa hiyo mimi sidhani tulihitaji neno la lodi ili tujue jambo lenyewe.

#22 DadaWaJericho
@BintiLamu hiyo ya daftari imenikaa kifuani.

#23 Mvita_Kilindini
Naongezea alipoishia Binti Lamu. Mombasa nako kulikuwa na makundi mawili ya Waswahili, Tisa Taifa na Taifa Tatu. Halafu ikaja ngoma ya beni na vyama vyake, Marini na Arinoti, ambavyo vilishindana Dar na bara ndani. Sare, vyeo, tarumbeta, kila upande ukitaka kumfunika mwenziwe. Na vita vile alivyovitaja mdau wa Dar ndivyo vilivyoisambaza beni, maana askari na wapagazi waliibeba. Mashabiki wenye sare, bendi, kiongozi wa nyimbo, maandamano kupita mjini kabla ya shindano. Hebu niambieni tofauti yake na Jumapili ya Gor na Ingwe kwenye Barabara ya Kenyatta.

#24 KogaloUmoja2
Tofauti ni kwamba sisi tunafunga mabao. Lakini hiyo historia sikuijua, asante.

#25 Ras_Kawangware
Turudi Nairobi. Mashemeji ilitoka wapi? Ni kwa sababu Waluo wa Gor na Waluhya wa Ingwe wanaoana, au ni wanahabari walitunga?

#26 DadaWaJericho
Mimi ndiye mashemeji mwenyewe. Mama ni wa Kakamega, baba ni wa Siaya. Nimezaliwa na kulelewa Jericho. Siku ya dabi mama alikuwa anaanika leso ya buluu kwenye kamba, baba anatundika taulo ya kijani kando yake, na ole wako wewe mtoto uondoe mojawapo. Ugali ulikuwa mmoja, mboga mbili. Redio iliwekwa dirishani, waya umefungwa kwenye chuma cha dirisha ili isikike vizuri. Wajomba walitoka Kawangware kwa miguu wakapita kumchukua baba, wanaenda uwanjani pamoja. Upande ulioshindwa ulilipia wote nauli ya kurudi.

Mwaka mmoja kulitokea fujo nje ya uwanja. Mjomba alirudi sikio limepasuka, damu imeshuka hadi kwenye kola ya jezi ya buluu. Baba alimketisha kwenye stuli nje, akachemsha maji, akatia chumvi, akaosha lile sikio polepole kwa pamba. Alikuwa bado amevaa jezi yake ya kijani na mikono inatetemeka. Hakuna aliyeuliza matokeo. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mtu akiniambia dabi ni uadui namkumbuka baba na ile pamba.

#27 Ingwe_Damu
Dada, pole kwa mjomba. Na heshima kwa mzee.

#28 Mkongwe_Makadara
Mimi nilikuwa uwanjani miaka ya 1970, kwa hivyo nitasahihisha kabla hamjapotea. Gor ni ya 1968 na mwaka huohuo ilikutana na Abaluhya, ambayo ndiyo Leopards ya leo, iliyoanza 1964. Wakati huo hatukuwa tukisema mashemeji wala dabi. Tulisema "mechi ya Gor na Abaluhya" na hiyo ilitosha, kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Baadaye, mwanzoni mwa utawala wa Moi, serikali ikakataza majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor ikasema herufi zake ni Gulf Olympic Rangers. Kila mtu alijua ni Gor.

Mimi nadhani mashemeji ilikuja kujaza pale palipokatazwa. Huwezi kutaja kabila kwa jina, lakini unaweza kutaja undugu wa ndoa, na msikilizaji akaelewa ni akina nani. Hilo ni wazo langu, simlazimishi mtu.

#29 Ras_Kawangware
Mzee, mbona kati ya hiyo marufuku na mashemeji kuna miaka mingi? Mimi mashemeji nimeanza kulisikia nikiwa mtu mzima, kwa watangazaji wa redio.

#30 Mkongwe_Makadara
Kijana, kulisikia redioni si kuzaliwa kwake. Mwalimu Pangani ameshalisema hilo kule juu.

#31 MwalimuPangani
Nashukuru, mzee. Nimepata mtu mmoja upande wangu.

Na mashemeji lina hekima nyingine. Kwa mila zetu nyingi mkwe unamheshimu hadi unakwepa njia, lakini shemeji unamtania. Aliyelichagua hakusema Dabi ya Wakwe. Alijua tofauti. Ni kile kile mdau wa Dar amesema cha utani, ila kimevaa nguo ya Nairobi.

#32 WakiliKayole
Nimesoma tangu mwanzo, uzi mzuri. Mmelishika dabi, mkaliacha lile neno lingine la Kiingereza ambalo vijana wetu wanalitumia kila siku kwa hasimu, "rival". Hilo nalo halikuanza na uadui. Asili yake ni Kilatini, rivalis, kutoka rivus, kijito. Ni mtu mnayechota naye maji kwenye kijito kimoja. Sheria za Warumi ziliwataja watu kama hao kwa sababu walikuwa hawaishi kugombea maji. Ndipo likahamia kwa wanaume wanaogombea mwanamke mmoja, halafu kwa kila mshindani. Shakespeare mwenyewe aliwahi kulitumia kwa maana ya wenzangu tunaoshika zamu pamoja, si wapinzani wangu.

Nikalielewa vizuri hapa Kayole. Kwetu mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Saa kumi usiku mitungi imeshapangwa, kila mmoja na alama yake, wangu una kamba nyekundu shingoni. Mama anayenifuata, mwenye mtungi wa njano uliozibwa kwa sabuni kwenye ufa, tumekosana naye mara nyingi kuliko ndugu yangu yeyote. Na ndiye aliyenibishia mlango mwezi uliopita kuniambia maji yametoka mapema. Hata salamu hakunipa. Alisema, "Mtungi wako umefikiwa," akaenda.

#33 Msafiri_Langata
Kumbe ndiyo sababu "rival" na "river" yanafanana! Kijito na mto.

#34 BwanaKamusi
@Msafiri_Langata hapana, hapo wengi huteleza. "River" limetoka kwa ripa, ukingo wa mto, kupitia Kifaransa. Ndugu yake ni "arrive", yaani kufika ukingoni. "Rival" ni la rivus. Yanafanana sura, mama zao mbalimbali.

#35 Msafiri_Langata
Basi ni wake wenza.

#36 MjaluoWaDar
Umesema wake wenza, sikiliza hii. Kwa Kijaluo wivu ni nyiego, na mke mwenza ni nyieka. Mzizi mmoja. Warumi walipata hasimu kwenye maji, sisi tukampata boma moja, jiko karibu na jiko.

#37 Mvita_Kilindini
Na sisi tuna hasimu, la Kiarabu. Kule khasm ni yule mnayegombana naye, hasa mbele ya kadhi. Huyo hakukutania wala hakuchota maji nawe, mwaonana mahakamani. Ndiyo sababu mimi naona magazeti yanakosea kuandika "mahasimu wa jadi" kwa timu za mpira. Hasimu ni zito. Mshindani yatosha, na mtani ni bora zaidi.

#38 WakiliKayole
@Mvita_Kilindini mimi kazini naandika hasimu kila wiki, na wengi wao ni ndugu wa tumbo moja wanaogombea shamba. Kwa hiyo hata hasimu ana ukaribu ndani yake. Mtu wa mbali huna cha kushtakiana naye.

#39 KijanaWaKinyozi
Nimetumiwa uzi huu na mteja. Mimi ndiye niliyesema Gor na Ulinzi ni dabi. Bwana Kamusi amenipa haki, nashukuru, nimemsomea mzee wa povu. Amesikiliza hadi mwisho, halafu akasema Waingereza wafanye wanavyotaka na farasi wao, hapa Kaloleni dabi ni Gor na Ingwe.

#40 Mkongwe_Makadara
Huyo mzee mpe salamu zangu. Muulize kama alikuwa akiketi upande wa jua.

#41 Msafiri_Langata
Na Wamarekani? Wao nasikia wanatamka "derbi", si "dabi".

#42 SaisiWaNgong
Wana yao ya Louisville, Kentucky Derby, tangu 1875, nayo ni ya farasi wa miaka mitatu vilevile. Sisi tumefuata matamshi ya Uingereza, ndiyo maana Kiswahili kimepata dabi.

#43 BwanaKamusi
Na Mmarekani haiti mechi ya majirani hivyo kwa kawaida. Kwake dabi ni shindano lililo wazi kwa wengi, hata la magari ya kugongana mpaka libaki moja. Ameibakiza ile maana ya umati, ya ujirani hakuichukua. Ana pia kofia ya mviringo anayoiita derby. Hiyo ni safari nyingine.

#44 MwalimuPangani
Ukianza za kofia tutalala hapa. Ila bado sijakubali habari ya farasi.

#45 MtotoWaKaloleni
Wadau, nimerudi. Leo nimepita kwa kinyozi nikamkuta yule mzee. Nimemsomea #26 kwenye simu, yale ya baba na pamba. Alinyamaza, akaniambia nirudie pale penye chumvi. Kisha akasema miaka ile alikuwa na shemeji wa Bungoma waliyekuwa wakienda naye City kila Jumapili, na hawajaongea miaka mitano kwa ajili ya deni. Ameniomba nimtafutie namba yake.

@Mkongwe_Makadara, amesema alikuwa akiketi upande wa jua.

#46 Mkongwe_Makadara
Nilijua. Mwambie nimemtafuta pia.

#47 Ingwe_Damu
@KogaloUmoja2 Jumapili nakupitia saa sita. Nauli ya kurudi ni kwa aliyeshindwa, kama akina Dada wa Jericho.

#48 KogaloUmoja2
Sawa. Beba nauli ya watu wawili.